Mifereji Miwili Niliyoijenga kwa Mdomo

Mumbua, mwaitu,

Niliwahi kusimama mbele ya shule nzima, katika nchi ya watu, nimevaa koti la kupewa, nikasema kwamba nyumba ya mama yangu ina mifereji miwili ya maji, mmoja jikoni na mwingine bafuni. Bafu hatukuwa nalo. Jikoni kwetu kulikuwa na mafiga matatu, mtungi mmoja, na kuku aliyependa kutaga nyuma ya mtungi. Kusema maneno hayo hakukuchukua muda mrefu kuliko kupiga chafya. Sijawahi kumwambia mtu. Mama yako hajui, na yeye nimemwambia hata mambo ambayo aliniomba nisimwambie. Mchungaji hajui. Na Susu yako hajui, mama yangu mwenyewe, ambaye ndiye aliyeubeba uongo ule mgongoni kwa miaka kumi na mmoja.

Kesho asubuhi Susu ndiye atakayekufungia mzigo, kama alivyonifungia mimi. Nataka awe amejua kabla hajafunga fundo la mwisho. Nimekuwa nikitaka hivyo tangu hujazaliwa, na kila mara nimepata sababu: amechoka, ana wageni, mvua imekuja, mvua haikuja. Sasa sababu zimeniishia. Nimeona nianze na wewe, uliyepewa jina lake, ambaye nimekuita mwaitu, mama yangu, tangu ukiwa wa siku tatu. Pengine ulimi ukishazoea kwa Mumbua mdogo utafika kwa Mumbua mkubwa.

Ni saa nane na nusu mchana. Wewe na mama yako mmepanda sokoni Nunguni kusukwa nywele, na nikiwajua, hamtarudi kabla ya saa kumi na moja. Susu yuko nyuma ya nyumba anachambua maharagwe ya kuchanganya na mahindi, isyo ya kesho, kwa sababu amekataa katakata uende Kanada ukiwa umekula mkate. Mimi niko kwenye meza ya kulia, na karibu na mkono nimeweka rundo la madaftari ya darasa la saba. Mara mbili tayari nimesikia mtu akipita nje nikaifunika karatasi hii kwa insha za watoto, kama mwanafunzi anayenakili mtihani. Mambo ya soksi na pasipoti mama yako ameyaandika kwenye karatasi yake, pande zote mbili. Hayo siyagusi.

Utashangaa kwa nini naandika Kiswahili, na nyumbani tunasema Kikamba. Kikamba ndiyo lugha ya Susu. Nikiandika kwa Kikamba naona kama ananichungulia begani. Kiingereza nacho ndicho nilichodanganyia. Imebaki hii, ambayo nimeifundisha maisha yangu yote na sijaitumia kwa jambo lolote la aibu.

Basi nilikuwa kidato cha tatu, miaka michache baada ya uhuru. Shule yetu ya misheni ilikuwa na urafiki na shule moja ya Uskochi, na mwaka ule wakaandika kwamba wangependa kumpokea mwanafunzi mmoja kwa muhula mmoja. Mwalimu mkuu alinichagua mimi. Si kwamba nilikuwa hodari wa kusema. Nilikuwa na haya kiasi kwamba nikiulizwa jina langu nilikuwa kwanza naliangalia kwenye jalada la daftari. Shule ilinifundisha kwa lugha mbili, Kiswahili na Kiingereza, na katika zote mbili nilikuwa bubu. Lakini mtoto anayenyamaza, walimu humwona mwema. Hata mimi mwalimu wa leo nafanya kosa hilo hilo.

Wewe unamjua Susu wa hapa, mwenye kiti chake barazani na redio yake. Hukumjua Susu wa Kanyangi, nilikozaliwa. Kule mto ni mchanga mtupu miezi minane kwa mwaka. Maji yako chini. Unachimba shimo mpaka kiunoni, halafu unakaa kwenye ukingo wake unangoja maji yajikusanye polepole, unayachota kwa kata ya kibuyu, kata moja, kata nyingine, mpaka debe lijae. Anayefika wa kwanza hupata maji safi. Anayechelewa hupata tope na mikia ya ng'ombe. Mama aliondoka gizani akarudi jua limeshaanza kuuma, debe mgongoni, ukanda wa ngozi umepita juu ya paji la uso. Ndio uliochimba lile bonde la kwenye paji lake. Ulipokuwa na miaka minne ulikuwa ukiingiza kidole mle ukamwuliza, "Susu, nani alikukata hapa?" Naye akakujibu, "Ni maji." Ukacheka sana, ukadhani ni mchezo. Mimi niliinuka nikatoka nje, na mama yako akaniuliza kama chakula kimenidhuru.

Siku niliyoondoka alinifungia sanduku langu la bati kwa kamba ya mkonge aliyoisokota mwenyewe. Hakulia. Alivuta fundo kwa meno, akaniuliza:

"Huko unakokwenda, mto uko mbali kiasi gani?"

"Sijui, mwaitu."

"Uliza kabla hujalala usiku wa kwanza. Usije ukashikwa na kiu ugenini ukaanza kugongea watu milango."

Hilo ndilo shauri pekee alilonipa.

Kumbe mto ulikuwa ukutani. Ulikuwa kwenye kila ukuta, Mumbua. Chini, juu, hata chooni, na mwingine nje ambao kazi yake ilikuwa kunywesha farasi wa mwalimu mkuu. Usiku ule wa kwanza nilikaa kwenye ukingo wa bafu nikafungua mfereji, nikafunga, nikafungua, nikafunga, mpaka mtu akagonga akauliza kama naumwa. Sikuweza kuoga mle. Kulijaza bafu lile, halafu kuvuta kizibo na kuyasikia maji yote yakienda yakilia, kulinifanya nihisi nimeiba. Niliomba beseni, nikaliweka ndani ya bafu, nikaogea kwenye beseni. Na maji yale machafu sikuyamwaga. Niliyabeba, nikateremka ngazi taratibu, nikayapeleka kwenye maua ya waridi mbele ya bweni.

Nchi ile mvua hunyesha kila siku. Siku hiyo pia ilikuwa inanyesha.

"Wewe, Kenya!" Ndiyo sauti ya kwanza niliyoisikia ya Ewan, kijana tuliyelala naye chumba kimoja, mwekundu kama nyanya, mtoto wa wafugaji wa kondoo. "Unafanya nini huko?"

"Namwagilia maua."

"Lakini kunanyesha!"

"Naona."

Alinitazama, akatazama mawingu, akaenda kuwaita wenzake. Kuanzia hapo nikaitwa Mtunza Bustani. Hawakuwa wabaya. Ewan mwenyewe ndiye aliyenipa lile koti. Lakini kicheko cha watu ishirini dirishani kinafanana, kiwe cha wema au cha ubaya, na mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikaacha maua. Nikaanza chupa. Nilikuwa nazijaza maji usiku, chupa za soda, nazipanga chini ya kitanda. Ewan akaziona alipokuwa akitafuta kiatu.

"Hizi za nini?"

"Maji yakikatika."

"Yakatike yaende wapi?"

Nikamwambia ni mambo ya dini yetu. Tazama vile uongo unavyozaliwa mdogo, wa kuchekesha tu.

Matroni wetu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye hatua nzito. Ulimsikia akija tangu mwisho wa korido. Alizikuta zile chupa siku ya kubadilisha shuka. Hakuuliza ni za nini. Alikaa kwenye kitanda changu, akaishika moja magotini, akauliza, "Nyumbani, ni nani anayeleta maji?" Nikatazama viatu vyake. Akangoja. Alikuwa mtu wa kwanza kule kuningoja, na bado sikusema. Lakini nadhani alielewa, maana aliniachia chupa zangu, akazipangusa vumbi, akazirudisha chini ya kitanda moja moja.

Shule ile ilikuwa na desturi: kila muhula wanafunzi walichagua mahali pa kusaidia, wakauza keki, wakaosha magari, wakachanga. Matroni ndiye aliyesimamia. Muhula ule alitaka wachange kwa ajili ya tangi na pampu huko kwetu Kanyangi. Alifikiri atanifurahisha kwa kunishtukiza. Akatuita ukumbini, akazima taa, akaonyesha picha ukutani kwa ile mashine yake, aweze kuwaeleza watoto shida ya maji ni nini.

Picha ya tatu ilikuwa ya mwanamke. Hakuwa Mkamba, wala sijui alikuwa wa nchi gani. Lakini alikuwa ameinama, mzigo wa maji mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Na ukumbi mzima ukaguna: aaah. Unajua ule mguno ambao watu humtolea mbwa mdogo aliyevunjika mguu? Huo. Msichana mmoja nyuma yangu akasema, "Maskini, kama punda."

Taa ikawaka. Matroni akanitabasamia, akaniita jukwaani. "Waambie wenzako, mama yako huko nyumbani hupata maji vipi?"

Niliiona ile nafasi iliyo wazi ukutani pale mwanamke alipokuwa. Nikajua nikifungua kinywa nikasema kweli, watamweka mama yangu pale, na watamgunia. Nikasema, kwa Kiingereza safi kuliko nilichowahi kusema maishani mwangu: "Sisi tuna mifereji. Miwili. Mmoja jikoni na mmoja bafuni. Asanteni sana, lakini labda kuna wengine wenye shida zaidi."

Wakapiga makofi. Walidhani ni ukarimu. Uso wa Matroni ukabadilika kidogo, kisha akasema vizuri sana, watatafuta kijiji kingine. Ewan hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama kama vile alivyoyatazama mawingu siku ile ya maua.

Kwa miaka mingi, mwaitu, nilijiambia kwamba nilimlinda mama. Ningeweza kukuandikia hivyo hata sasa na ungeniamini, maana wewe hupenda kuniamini. Lakini aliyekuwa jukwaani ni mimi. Punda ambaye sikutaka aonekane, kusema kweli, ni mtoto wa punda.

Wiki mbili kabla ya muhula kwisha, Ewan alinipeleka kwao. Shamba lilikuwa juu ya kilima, baridi ya kukata masikio, na nyumba ya mawe meusi. Bibi yake alinikaribisha, akachukua ndoo mbili na birika la maji ya moto, akatoka nje. Nikamfuata. Uani palikuwa na pampu ya chuma, ya kushindilia kwa mkono, na barafu imeifunga mdomo. Nyumba ile haikuwa na mfereji hata mmoja ndani! Bibi aliyamwaga maji ya moto juu ya pampu, akashindilia, akajaza ndoo, akazibeba zote mbili bila kunipa hata moja. Ewan akasimama mlangoni anajigamba: "Miaka themanini, na hajawahi kuteleza. Maji yake ni matamu kuliko ya bwenini. Onja." Nikaonja. Alikuwa anajivunia. Alisimama pale na kikombe akiwa anajivunia bibi yake mwenye ndoo, na mimi nimesimama karibu naye na mifereji yangu miwili.

Usiku ule gizani akaniuliza, "Mama yako pia hubeba, sivyo?"

Nikajifanya nimelala.

Tuliporudi shuleni fedha zilikuwa bado hazijatumwa. Nilijua, kwa sababu bango la mchango lilikuwa bado ukutani na jina la kijiji halijaandikwa. Nilikwenda mpaka mlango wa Matroni. Niliinua mkono nigonge. Nikasikia kiti kikisukumwa ndani, halafu zile hatua zake nzito zikija, moja, mbili, tatu. Nikakimbia, Mumbua. Nilikimbia korido nzima, nikajificha kwenye chumba cha kukaushia nguo, nikamsikia akifungua mlango akasema, "Nani?" Akasubiri. Yule mama alijua kusubiri. Kisha akafunga.

Ukiniuliza nini kilichobadilisha maisha yangu, si ndege wala theluji. Ni hatua zile tatu.

Nikarudi Kanyangi wakati wa kiangazi kikali. Ng'ombe mbavu nje. Mama alinipokea njia panda, akanizungusha kama nguo dukani, akasema nimekonda na nimekuwa mweupe kama mtu wa kaunta asiyepigwa na jua. Tulipofika nyumbani akanishika mkono mpaka nyuma ya ua wa minyaa. Palikuwa na pipa. Aliliazima kwa jirani. Lilikuwa limejaa mpaka mdomoni, na juu ameweka majani yasiingie vumbi.

"Oga, mwanangu. Usiyaonee huruma. Najua huko umezoea kuoga kama bata."

Pipa lile linameza madebe kumi. Kwa kiangazi kile alikuwa anapata debe moja kwa safari, safari mbili kwa siku akijitahidi. Kwa hiyo alianza kulijaza siku tano kabla, na katika siku hizo tano sijui yeye alioga nini au alikunywa nini. Ningemwambia: mwaitu, hata huko nilioga kwenye beseni. Lakini angeuliza kwa nini, na moja lingevuta lingine mpaka kwenye jukwaa lile. Basi nikaoga. Niliyamaliza. Mimi niliyeshindwa kumwaga beseni moja katika nchi ya mvua, nilisimama Kanyangi nikajimwagia madebe kumi, na yeye upande wa pili wa ua anaimba.

Jioni tukiwa tunakula akaniuliza.

"Walikuuliza habari zetu?"

"Waliuliza."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia tuko vizuri."

"Si tuko vizuri kweli!" Akaniongezea kipande cha nyama kwenye isyo, cha pili. "Na ukawaambia mimi ndiye hufika mtoni wa kwanza? Kwamba hata punda wa kina Kimeu hunikuta nimeshajaza?"

"Hapana, mwaitu."

"Ah! Ungewaambia. Wanawake wa huko wangeshangaa."

Nilitafuna ile nyama mpaka ikaisha ladha. Ndipo nilipoelewa, nikiwa na miaka kumi na saba na mdomo umejaa, kwamba sikumficha mama yangu aibu yake. Aibu hakuwa nayo. Nilimnyang'anya jambo ambalo yeye alijivunia kuliko yote, nikaweka bomba mahali pake.

Baada ya miezi kadhaa Matroni akaniandikia. Ndani ya barua palikuwa na picha: wasichana wanne wa kijiji cha nchi nyingine kabisa ya Afrika, wamezunguka pampu mpya, mmoja ananing'inia kwenye mpini miguu iko hewani, wote meno nje. Nyuma Matroni ameandika kwa mkono: "Natumaini nawe hujambo, na maji hayajakatika." Hakusema lingine. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko sentensi yoyote. Picha ninayo. Imekaa miaka yote kwenye jalada la nyuma la kitabu changu cha nyimbo, na sasa iko mbele yangu hapa mezani. Wale wasichana siwaonei wivu, nisikudanganye. Yule anayening'inia huwa ananifurahisha. Lakini najua pampu ile ilikuwa ya nani.

Miaka mitatu baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, mama aliteleza kwenye ukingo wa mto, debe limejaa. Nyonga ikatoka. Ndiyo asili ya ile fimbo yake. Alipopona akaendelea kwenda mtoni kwa fimbo, debe dogo zaidi, na hakuwa wa kwanza tena. Sijui kama tangi lingemwokoa. Watu huteleza hata barazani. Ila sijawahi kuisikia ile fimbo ikigonga sakafu bila kuyasikia na makofi ya ukumbi ule.

Sasa unajua kwa nini baba yako ana matangi mawili hapa Nunguni, ambapo mvua si haba na chemchemi iko hatua mia mbili. Unajua kwa nini kila jioni naligonga tangi kwa kidole kusikia limefika wapi, mkaniita Daktari, wewe na mama yako, mkalipima joto siku ile na kipimajoto cha kuku. Nilicheka nanyi. Nilipopata mshahara wa kwanza wa maana nilimjengea tangi kule Kanyangi, miaka kumi na mmoja baada ya jukwaa. Alilizunguka, akalipiga kofi kama ng'ombe mzuri, akasema, "Sasa hawa punda watafika mtoni wa kwanza." Na akalia, Mumbua. Nikadhani ni furaha. Siku hizi sina hakika.

Unakwenda kwa muhula mmoja. Watakuambia utakua huko, utafunguka macho. Labda. Mimi nilirudi na koti na lafudhi ya wiki tatu, na kukua kwenyewe kulinijia baadaye, hapa hapa, kidogo kidogo, nikichimba msingi wa tangi. Usijilaumu ukirudi ukiwa yule yule. Nawe una haya zangu. Nimekuona kanisani ukihesabu mbao za dari wakati wa kusimamishwa wageni. Siku moja watakuuliza habari za nyumbani, chakula kikiwa mezani, na wote watanyamaza kukusikiliza. Sijui watauliza nini. Sijui utasema nini, na sitakutungia jibu. Ningeomba tu kabla hujajibu umkumbuke aliyefika mtoni punda wakiwa wamelala, ujiulize yeye angependa lisemwe lipi. Na ukishasema uongo, maana utasema, sisi wenye haya husema uongo kwa sababu ni mfupi, usikimbie mlangoni. Mlango huwa uko wazi muda mrefu kuliko unavyodhani. Mimi ningeweza kugonga hata kesho yake.

Ewan tuliandikiana miaka miwili. Katika barua ya mwisho aliniambia bibi yake amekufa, na kwamba wameweka mfereji jikoni, na maji yake hayana ladha. Sikumjibu. Nilitaka kumwambia ukweli kwanza, nikawa natafuta maneno, na huko ndiko kutafuta kwa miaka ishirini na kitu. Mambo mengine niliyoyapoteza ni ya aina hiyo. Hayakuvunjika, niliyaacha tu yakingoja.

Kuna harufu ya maharagwe mabichi. Amemaliza kuchambua, nasikia akikung'uta ungo. Fimbo sasa. Gonga, hatua, hatua. Anapita kwenye tangi la kwanza. Amesimama kidogo, naye hulipapasa kila anapopita, sijui kama unalijua hilo. Gonga, hatua, hatua.

Mkono wangu umeshashika madaftari ya darasa la saba, umeyainua. Nimeyaweka chini, sakafuni, upande wa pili wa meza, ambapo siwezi kuyafikia.

"Nani huyo anayeandika mchana kutwa kama karani wa chifu?" Ndiye huyo, yuko barazani.

"Ni mimi, mwaitu. Ingia."

"Naingia. Kwani unanikimbiza?"

Hawezi kuisoma karatasi hii, lakini atataka kujua wale wasichana wanne ni watoto wa nani, na kwa nini yule mmoja ananing'inia hivyo. Nimeigeuza picha imwelekee. Nimemvutia kiti. Kesho atakapokufungia mzigo, mtazame usoni. Akivuta fundo kwa meno akakuagiza kitu cha kuwaambia watu wa huko kuhusu yeye, kiandike, na ukakiseme kama alivyokisema.

Fimbo imegusa kizingiti. Natia jina langu kabla hajaketi.

Ni mimi baba yako, niliyemwagilia maua mvuani.